Kilo Ishirini

Mtaalamu wa viungo alinipigia simu Jumanne,
wiki ya kumi na moja tangu nijiandikishe,
sauti ya kijana, sauti isiyowahi kubeba mtu.
Akasema: lala chali, mama,
inua miguu, weka mto chini ya magoti,
mito miwili ikibidi,
kiuno kishuke, kiguse godoro, kipumue.

Nikamwambia asante.
Sikumwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yangu.
Kila jioni, nyumba ya wazee, ghorofa ya pili,
namgeuza Bibi Winifred, namwinua Bwana Alder,
nawapangia mito kama mtu anayepanga mayai,
"Hapo? Juu kidogo? Hapo,"
hadi uso ukunjuke.
Mito ya kule haina idadi.
Wangu ni mmoja, nao una kichwa.

Basi tukaenda dukani kwa Mzee Gurdial,
barabara ya Foleshill,
katika mvua ile ya Coventry isiyonyesha wala kukoma,
tukanunua mchele, mfuko wa kilo ishirini.
Mimi na Nakundwa tukaubeba kama machela,
yeye kichwani, mimi miguuni,
ngazi thelathini na nne.
Usiku nikaulaza kitandani kwa ubavu,
nikapandisha miguu juu yake.

Jamani.
Kililegea kitu ambacho miaka yote nilidhani ni mfupa.
Mchele ukajifinyanga, ukapokea mashavu ya miguu,
ukanong'ona punje kwa punje ukikaa sawa,
na kiuno, kile kiuno kikorofi,
kikatulia kama mbwa aliyeambiwa keti.
Nililala saa sita bila kugeuka.
Sikuota nyumbani. Sikuota chochote.

Lakini mto huu unaliwa.
Jumapili vikombe vitatu, Jumatano viwili,
na siku aliyokuja Eliakunda na wanawe, pilau,
saba.
Wahenga walihesabu kupanda,
haba na haba hujaza kibaba;
mimi nimejifunza hesabu ya kushuka.
Kila sufuria, magoti yanateremka unene wa kidole.
Tarehe kumi bado nalala.
Tarehe kumi na nane kiuno kinaanza kuuliza maswali,
tarehe ishirini na tano kinajijibu chenyewe.

Nakundwa husimama mlangoni, kikombe mkononi,
miaka tisa, sare ya shule, soksi moja imeporomoka:
"Mama, leo tunakula au unalala?"
Tunacheka.
Kisha nashusha miguu, anachota.

Juzi mfuko ulibaki na konzi mbili.
Nikaukunja, nikauweka kabatini,
nikalala hivyo hivyo, bapa kama mkeka.
Usiku wa manane nikaamka, nikashangaa:
siumwi.
Nikapapasa gizani. Chini ya magoti yangu
kitu chenye joto, kinachopanda na kushuka.
Mtoto amejilaza mshazari, kifudifudi,
mgongo wake mdogo ndio mto.

Nilimbeba kwa kanga miaka miwili,
lakini lile halikuwa deni.
Nikawawaza wazee wangu wa ghorofa ya pili,
migongo yao iliyopinda kama vishikio vya vikombe.
Kila mmoja ulianzia mahali,
usiku fulani, chini ya kitu fulani.
Nikashusha mguu mmoja, kisha wa pili,
polepole, asiamke,
nikakiacha kiuno kilalamike peke yake hadi alfajiri.

Kesho ni tarehe ishirini na nane.
Mzee Gurdial hufungua saa mbili.
Safari hii nitauliza bei ya dengu,
mfuko mkubwa kabisa alio nao.
Nakundwa hapendi dengu.
Mimi pia.